Kijana Aliyebaki Benchini

Sipendi sinema za kutisha. Utotoni nilitishwa vya kutosha kwa habari za mumiani, wale waliosemekana kukamata watu usiku na kuwatoa damu, hata sikuona sababu ya kulipa fedha ili nitishwe tena. Lakini iko moja ya Uswidi, Låt den rätte komma in, aliyoiongoza Tomas Alfredson mwaka 2008 kutokana na riwaya ya John Ajvide Lindqvist. Hiyo nimeitazama mara mbili, na mara ya pili haikuniacha salama.

Ni habari ya watoto wawili wasio na mwenzi. Oskar ana miaka 12, anaishi na mama yake Blackeberg, kitongoji cha Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shuleni wenzake wanamwonea, na nyumbani hasemi. Jirani yake mpya, Eli, naye anasema ana miaka 12, ila amekuwa nayo kwa muda mrefu. Eli huishi kwa damu ya watu, na hawezi kuingia kwa mtu mpaka akaribishwe. Siku moja Oskar anamfanyia ukaidi, anakataa kumwambia karibu. Eli anaingia hivyo hivyo, na damu inaanza kumtoka mwilini. (Nimeona watu wengi wakiingia majumbani bila hodi, na hakuna aliyetokwa hata na jasho.)

Mara ya kwanza nilikuwa upande wa Oskar bila kujiuliza. Karibu na mwisho, wale wakorofi wanamkuta kwenye bwawa la kuogelea. Kaka wa mmoja wao anamshika nywele na kumzamisha: akiweza kukaa chini ya maji dakika 3 atachanjwa shavu tu, akishindwa atatolewa jicho. Kamera inabaki majini pamoja naye. Hatumwoni Eli akija. Twaona miguu ikiburutwa juu ya maji, kichwa kikizama, kisha ule mkono uliomshika ukishuka peke yake. Vijana watatu wamekufa, nami nilipiga makofi. Niliona haki imetendeka, maana siku zote nilijihesabu miongoni mwa walioonewa.

Safari hii nilimwona wa nne. Alikuja na wenzake kwa kusitasita, na sasa ameketi benchini analia. Eli amemwacha hai. Kwa nini? Filamu haisemi.

Nikiwa kidato cha pili, katika bweni letu, kulikuwa na mvulana mpole aliyekuwa akiamshwa usiku na kumwagiwa maji ya baridi, na tranka lake likimwagwa sakafuni. Mimi sikumgusa hata siku moja. Niliambiwa nishike tochi, nikashika. Muhula ulipokwisha alikwenda kwao na hakurudi tena.

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kama mtu aliyekuwa na huruma. Na kwa kweli nilikuwa nayo. Kuna usiku nililia chini ya blanketi. Nilidhani hilo lanitenga na wale wengine, kama kwamba lau Eli angaliingia bwenini mwetu angalitambua nani wa kuachwa. Sasa nauliza: yule aliye chini ya maji anajuaje kwamba huku juu kuna anayelia? Sauti haimfikii. Analolijua ni kwamba mkono umemshika na hakuna anayeuondoa. Wala sijui kama mvulana yule aliwahi kuiona sura yangu, kwa kuwa mwenye tochi hukaa gizani.

Nilirudisha filamu nyuma mara tatu nimtazame yule wa benchini. Mke wangu akaniuliza kwa nini narudia pahali pamoja. Nikamwambia rimoti imekwama.