Picha, Jina na Amana

Katika fikira za Waswahili, amana ni kitu kilicho mkononi mwa mtu ilhali si chake. Aliyewekewa hukilinda na kukitunza, wala hakitumii bila ya idhini ya mwenyewe. Suala lililozuka katika zama za kamera za dijitali ni hili: je, picha ya mtu iliyo mkononi mwa mwingine ni mali ya aliyeipiga, au ni amana?

Achukuliwe kijana mwandishi wa programu za kompyuta, mkaazi wa Katubuka, mjini Kigoma. Amejitengenezea tovuti ya kuhifadhi na kupanga picha: za meli ya Liemba, za harusi, na za siku ambazo maji ya bwawa yalifurika yakaingia majumbani. Nusu ya kazi hufanywa na kamera yenyewe, kwani ndani ya kila faili huandika tarehe, saa na, ikiruhusiwa, mahali. Kwa taarifa hizo, programu hupanga maelfu ya picha kwa muda mfupi. Lakini kamera haijui majina, wala haijui stara. Mama aliyejitwika godoro lililorowa, kwa kamera ni tarehe na mahali tu. Kwa mpangaji anageuka kuwa “mafuriko”. Kwa jirani zake ni mama wa watu, mwenye heshima yake.

Kupanga, basi, si kazi ya mikono tu, ni hukumu. Mwambao ule ule wa ziwa unalishuhudia hilo. Stanley alipomkuta Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, hapakupigwa picha. Kilichobaki ni mchoro uliochapishwa katika kitabu cha Stanley mwaka 1872. Mwaka huo huo alipigwa picha ndani ya studio mjini London, amevaa mavazi ya safari, pamoja na mtoto Kalulu. Mtazamaji asiyeambiwa hudhani ilipigwa Afrika. Mtoto yule, ambaye Stanley alipewa Unyanyembe, alikuwa na jina jingine. Hili la Kalulu alibandikwa safarini, na ndilo lililobaki chini ya picha. Alikufa mtoni Kongo mwaka 1877. Sura ilikuwa yake, maneno yakawa ya wengine.

Yuko atakayepinga kuwa picha za mafuriko ni ushahidi. Itakapofika siku ya kukanwa kwamba maji yalifika dirishani, picha ndiyo itakayosema. Na kila mnyonge akificha picha yake, wanyonge watabaki bila ya historia. Hoja hii ni nzito, lakini inachanganya mambo mawili. Kuhifadhi si kuonyesha. Amana hutunzwa sandukuni bila ya kuanikwa barazani, na siku ya haja hutolewa kwa idhini ya mwenyewe. Ushahidi haupotei kwa kusitiriwa.

Ni kweli kwamba Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023. Hata hivyo, sheria humbana mtu pale anapohofia kushtakiwa. Amana humbana hata pale asipoonwa na yeyote. Aliye kando haangukiwi na mti, na mpangaji wa picha yuko kando daima: yeye ndiye aliyeshika kamera, hakushika godoro.

Dawa yake ni kuondoka kando. Katubuka si mbali na Katubuka. Kijana yule aweza kuichapisha picha, akabisha hodi kwa mama yule, akamkabidhi nakala yake kwanza kabla ya kumwuliza lolote. Mama akisema iondolewe machoni pa watu, iondolewe. Akisema ibaki, lakini liandikwe jina lake na nyumba yake iliyobomoka, liandikwe kama anavyolitamka yeye. Hapo picha itakuwa imepangwa.