Watoto wa stendi ya Tukuyu wanakula kwa zamu ya nani?

Ndugu zangu Waislamu, anayeijua Tukuyu anaijua baridi yake ya Juni na Julai, na mvua ya Aprili isiyotaka kukatika. Katika hali hiyo wapo watoto wanaolala juu ya meza za soko na kwenye vibaraza vya maduka. Kukipambazuka wanakimbilia stendi kubeba mikungu ya ndizi na mizigo ya abiria wa Mbeya na Kyela. Nimewaona pia kwenye ngazi za msikiti siku ya Ijumaa. Tukitoka tunawagawia sarafu, tunaondoka tumeridhika. Baada ya Isha, mtoto yule yule tuliyempa sadaka mchana anafukuzwa barazani, eti anachafua!

Hivi tumeisoma vipi Surat al-Maun? Allah (SW) alipomtaja anayeikadhibisha dini, sifa ya kwanza aliyompa ni kumsukuma yatima. Wanaoswali wametajwa baada yake, nao kwa onyo.

Wapo watakaosema watoto hawa si yatima, wana wazazi, ni watoro tu. Ni kweli baadhi yao wamekimbia kipigo, ulevi au njaa. Lakini tusisahau tulikotoka. Uchunguzi wa mwaka 2003/04 ulionesha kuwa asilimia 13.5 ya watu wa miaka 15 hadi 49 katika Mkoa wa Mbeya, wakati huo ukiwa pamoja na Songwe, walikuwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2016/17 kiwango kwa watu wazima mkoani Mbeya kilikuwa bado asilimia 9.3. Ugonjwa huo umeacha mabibi wakilea wajukuu. Na baba akishazikwa, wapo ndugu wanaogawana migomba na shamba la chai, mtoto akabaki na shati alilovaa. Wenye tabia hiyo waisome aya ya 10 ya Surat an-Nisaa, waone wanachojaza matumboni mwao.

Hapa Rungwe lipo jambo la kustaajabisha. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba zamani mtoto wa kiume akifika kama miaka kumi hakulala tena kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika walijenga vibanda vyao pembeni. Hata hivyo hakuna aliyewaita watoto wa mitaani, kwa sababu walikwenda kula kwa pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtoto alilala nje ya nyumba ya baba, lakini sahani yake ilihesabiwa. Hawa wa stendi, nani anahesabu sahani yao?

Mtume (SAW) mwenyewe alizaliwa baba yake ameshafariki. Akampoteza mama akiwa na miaka sita, na babu akiwa na minane. Akalelewa na ami yake Abu Talib, mtu wa watoto wengi na mali kidogo. Miaka ikapita, njaa ikaipiga Makka. Mtume (SAW) akamwendea ami yake mwingine, Abbas, wakampunguzie Abu Talib mzigo. Mtume (SAW) akamchukua Ali, Abbas akamchukua Jaafar. Hawakusubiri mfadhili kutoka ng'ambo, jambo ambalo sisi tumelizoea mno.

Basi kamati ya msikiti ifungue daftari. Nyumba saba zikikubali, kila moja ina siku yake ya kupika chakula cha ziada, na asiyefika kula anaulizwa alipo. Lakini kumchukua mtoto akaishi kwako si jambo la kuamua peke yako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kumlinda, hivyo pitieni serikali ya mtaa na Afisa Ustawi wa Jamii. Mwalimu wa shule ya msingi naye aulizwe. Ada ilishafutwa, ila daftari na sare bado ni pesa. Na msibadilishe jina la mtoto, Surat al-Ahzab imeagiza waitwe kwa baba zao. Wala msimuulize dini yake kabla ya kumpa ugali. Wilaya hii ina Wamoraviani wengi kuliko sisi, na wakitaka kushika siku mbili za zamu, wakaribishwe.

Wasichana hawaonekani sana stendi, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Wengine wako kwenye vilabu vya pombe, wengine kwenye nyumba za watu. Ukiona binti mdogo anapandishwa basi la Dar es Salaam na mtu anayedai amempatia kazi za ndani, muulize umri wake. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa. Usiporidhika na jibu, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haitozwi chochote.