Mkate Uliookwa Mbele ya Televisheni

Katika kikao kimoja cha wanandugu jijini Tanga, mume na mke walikuwa wanaachana na wazee wakaitwa wasaidie kugawa walichochuma. Nyumba ndiyo iliyokuwa mali kubwa. Mke hakuwahi kuajiriwa. Alipoulizwa mchango wake alitaja watoto, maji, usafi wa nyumba, kisha mikate: familia ile haikununua mkate dukani, aliuoka yeye, wa ngano siku za kawaida, wa kumimina mwezi wa Ramadhani na wageni wanapokuja. Ndugu mmoja wa mume akadakia kwamba mikate hiyo aliipika huku akitazama tamthilia, kwa hiyo ilikuwa starehe yake, si kazi. Watu wakacheka. Katika karatasi ya michango mkate haukuandikwa.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo, na hasira aliyotoka nayo ndiyo inayoongoza anachokiandika hapa.

Fasili za kawaida zinatosha. Kazi ni juhudi inayozaa kitu au huduma inayohitajika. Burudani ni kinachofanywa kwa ajili ya raha yake. Wanafalsafa wamebishana juu ya mpaka wa mambo haya mawili tangu enzi za Wayunani, na wana haki ya kuendelea. Kilichofanyika Tanga ni kingine. Saa moja ya mtu ilikuwa na mambo mawili ndani yake, mkate na mchezo wa televisheni, na wenzake wakaamua kwamba la pili limelifuta la kwanza.

Mwaka 1934 mwanauchumi wa Marekani, Margaret Reid, alichapisha kitabu juu ya uzalishaji wa nyumbani, na ndani yake akatoa kipimo ambacho bado kinatumika. Jiulize: shughuli hii inaweza kukabidhiwa mtu mwingine kwa malipo, na matokeo yake yakabaki yaleyale? Ikiwezekana, ni uzalishaji. Mkate wa kumimina unafaulu mtihani huo bila shida. Mchele huloweshwa usiku kucha, husagwa na tui zito, iliki na hamira hadi uwe laini, huachwa uumuke, hutiwa sukari, humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, kisha huokwa kwa moto wa chini na mkaa uliopaliwa juu ya mfuniko. Jirani anaweza kulipwa aifanye kazi hiyo, na majirani wengi wa mwambao wanalipwa kweli, hasa Ramadhani inapokaribia. Tamthilia haifaulu, kwa maana hakuna anayeweza kumlipa mtu amtazamie. Basi mambo mawili yalitendeka katika saa ile, moja uzalishaji na jingine burudani, na kipimo cha Reid kinayatenganisha bila kulifanya moja limle mwenzake.

Hesabu rasmi hazikumsaidia mama yule. Mfumo wa Hesabu za Taifa unaosimamiwa na Umoja wa Mataifa huingiza mahindi ambayo mkulima ameyalima na kuyala mwenyewe, lakini huacha nje chakula kilichopikwa nyumbani kwa ajili ya wanaoishi humo. Mkate ukiuzwa dirishani ni sehemu ya pato la taifa. Ukiwekwa mezani kwa ajili ya watoto, haumo. Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou aliuona ugeni huu tangu mwaka 1920: mwanamume akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa linapungua, ingawa vyombo vinaoshwa vilevile. Mwaka 1988 Marilyn Waring wa New Zealand aliandika kitabu kizima dhidi ya mtindo huo wa kuhesabu. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walipokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani walikubali kwamba kuzalisha kwa matumizi ya nyumbani, upishi ukiwemo, ni kazi. Pato la taifa, hata hivyo, liliendelea kuhesabiwa bila sufuria.

Sheria ya Tanzania ilitangulia takwimu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ya wanandoa, izingatie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango. Mwanamke yule hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikwishapewa fungu lake na kulitumia, lakini msingi uliwekwa na umetajwa katika mashauri mengi tangu hapo. Kenya iliandika jambo hilo waziwazi katika sheria yake ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, hata kuwa mwenzi wa mtu, vyote ni mchango.

Zipo hoja za haki kwa upande wa mume. Unga na televisheni vilinunuliwa kwa mshahara wake, na hilo lihesabiwe. Mkate wa dukani wakati mwingine ni wa bei nafuu kuliko wa kuoka, hivyo huenda akiba iliyopatikana ni ndogo. Tena kuna wanaohofia kwamba kuandika kila kitu kunageuza ndoa kuwa daftari la duka, na hofu hiyo ina uzito.

Hoja ya yule ndugu ndiyo isiyovumilika, na ni lazima ifuatwe hadi mwisho wake.

Inasema hivi: aliyekuwa anafurahi hakuwa anafanya kazi. Machi 2020 mshambuliaji Mtanzania Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa bao dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Kama aliufurahia mchezo ule, hakuna aliyependekeza akatwe mshahara kwa furaha hiyo. Fundi cherehani hushona huku redio inaimba taarabu, na mteja akija kuchukua gauni analipa bei iliyokubaliwa. Dereva wa daladala husikiliza mpira njia nzima, na nauli haipunguzwi kwa sababu timu yake inaongoza. Watu haohao waliocheka katika kikao kile wana ofisi, na katika ofisi hizo wanatazama video kwenye simu mchana kweupe, na mwisho wa mwezi wanapokea kile walichoandikiwa katika mkataba. Kanuni ya kwamba raha inafuta kazi haijawahi kutumiwa kwa mtu anayelipwa. Imetengewa jikoni.

Ukimbana mwenye hoja, anahama. Anasema tamthilia inamshughulisha mtu macho, tofauti na redio. Lakini mwenye kukanda unga haukandi kwa macho. Viganja ndivyo vinavyojua kama donge limelainika au linahitaji maji kidogo, na aliyelikanda kwa miaka haangalii bakuli. Wanaopima matumizi ya muda wa watu huliona jambo hili kila siku: hodari wao huandika shughuli kuu na shughuli ya pembeni kwa saa ileile, kwa sababu wakiandika moja tu, ulezi na upishi wa wanawake hupotea kwanza.

Anahama tena. Anasema unga unaumuka wenyewe, na mtu amekaa tu akisubiri. Hapa hasira inahitaji elimu kidogo ya hamira. Chachu ni kiumbe hai. Hula sukari na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi, nayo gesi hunaswa katika utandu wa protini za ngano na kulinyanyua donge. Kasi yake hufuata joto. Katika joto la Tanga la Februari unga wa kawaida unaweza kuumuka chini ya saa moja, na ukiachwa unapitiliza, unachachuka, kisha unanywea. Uji wa mchele wa mkate wa kumimina ni mkali zaidi, maana ukipitiliza hufurika sufuria, na hata ukifika motoni mkate wake huokeka ukiwa na tundu kubwa katikati. Kwa hiyo anayesubiri hawezi kwenda sokoni, hawezi kulala, hawezi kuanza kufua nguo nyingi. Amefungwa palepale. Mlinzi wa usiku analipwa kwa kusubiri ambako mara nyingi hakutokei chochote, na hakuna anayesema geti linajilinda lenyewe. Mama huyu alikuwa katika zamu ya unga, na alichokifanya ndani ya zamu hiyo ilikuwa haki yake.

Linalochoma zaidi ni kwamba ulimwengu unajua thamani ya jambo hili pale unapotaka. Tangu 2010 Uingereza ina shindano la televisheni la waokaji wa nyumbani, The Great British Bake Off, ambamo watu wasio wa fani hukanda, husubiri na kuoka ndani ya hema. Fainali ya mwaka 2016 ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 13 kupitia BBC. Mwaka uliofuata kipindi kilihamia Channel 4, katika mkataba ulioripotiwa kuwa wa takriban pauni milioni 75 kwa miaka 3. Washiriki hawashindanii fedha. Mshindi huondoka na kinara cha keki na shada la maua. Wanaolipwa ni waandaaji, waamuzi na wenye kituo. Dakika za kusubiri unga uumuke, zilezile zilizodharauliwa Tanga, huko zinapigwa picha, zinawekewa muziki na kuuzwa kwa watangazaji wa biashara. Mkono unaokanda haujapata hesabu hata hapo, lakini angalau hakuna anayesema haufanyi chochote.

Kuhusu burudani yenyewe kuna jambo ambalo mwandishi huyu hawezi kulipita, maana analipenda. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na redio bila televisheni, wakati Zanzibar ilikwisha kuwa na kituo cha rangi tangu miaka ya 1970. Michezo ya Radio Tanzania iliingia majumbani kupitia sikio, na sikio halimzuii mtu kupepeta mchele. Julai 1993 ulianza mchezo wa Twende na Wakati, juu ya dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mpenda wanawake, na mkewe Tunu. Ulilenga uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Ili kuupima, watafiti waliacha eneo la Dodoma bila mchezo huo hadi mwaka 1995, kisha wakalinganisha; waliripoti kwamba kwingineko, ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi. Ni moja ya majaribio makubwa ya burudani kuwahi kufanyika barani Afrika, na huenda wasikilizaji wengi walikuwa na shughuli mkononi. Mtu aliyekuwa akisonga ugali wakati Tunu anaamua kujitegemea alikuwa katika kazi mbili, au kazi na shule, au kazi na starehe; watafiti wenyewe walimhesabu kama aliyefikiwa.

Hata hivyo mfano huo una mtego. Unatufundisha kuitetea burudani kwa mafunzo yake, na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili haina uzazi wa mpango wa kufundisha. Ina mapenzi, wivu, mama mkwe mkali na nyumba kubwa ufukweni. Je, aliyeitazama kwa sababu tu ilimpendeza ana utetezi dhaifu zaidi? Aristotle anatoa mwanzo wa jibu: kwake mtu anafanya kazi ili apate wasaa, na wasaa hauhitaji kuomba radhi kwa kazi. Lakini Aristotle aliwaachia watumwa na wanawake kazi za kuuwezesha wasaa huo, na mama wa Tanga alikuwa na vyote viwili mikononi mwake kwa wakati mmoja.

Hapo mambo yanakuwa magumu. Tukimtetea kwa kuonyesha jasho lake, tunakuwa tumekubali kanuni ya mpinzani kwamba kinachostahili kuhesabiwa ni mateso. Tukisema raha nayo ihesabiwe, tunalazimika kujibu kuhusu mwanamke mwingine, aliyenunua mkate dukani na kutazama tamthilia ileile. Sheria ya Kenya inataja kuwa mwenzi wa mtu. Inawezekana jibu lake limo humo, na inawezekana hamna. Mwandishi hana jibu la kesi hiyo ya pili na hataki kulibuni.

Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958, alitenganisha kazi inayobakisha kitu duniani, kama meza, na ile inayotoa kitu kinacholiwa siku hiyohiyo, kama mkate. Huenda chanzo cha kicheko kile kimo hapo. Nyumba bado imesimama, matofali yake yanaonekana, na hati yake ina jina la mtu. Mikate yote imeliwa. Kikao kinagawa kilichobaki, na waliokula ndio waliopewa kiti cha kuamua kama kulikuwa na mkate.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila upande uthibitishe mchango wake. Kwa upande wa Tanzania nako, kifungu cha 114 kinazungumzia kiasi cha mchango, na kiasi kinahitaji ushahidi. Basi anayeoka nyumbani aanze kuandika: kilo za unga, pakiti za hamira, nazi, mkaa, siku na saa. Na kama televisheni ilikuwa imewashwa, aandike mkate wake vilevile, saa nzima, bila kupunguza.