Mugumo wa Thika na Utakatifu wa Mahali

Mji wa Thika uko kilomita 45 hivi kaskazini-mashariki ya Nairobi, mahali mito ya Chania na Thika inapokaribiana. Maporomoko ya mito yote miwili yanatazamwa kutoka hoteli ya Blue Posts, iliyoanza 1908, na wageni wengi huishia hapo kwa soda na picha. Bustani ya Mugumo mjini haina maji yanayonguruma. Historia yake ndiyo inayostahili safari, kwa kuwa inaleta swali gumu: je, utakatifu wa mahali umo ndani ya kitu chenyewe, au umo katika agano la watu wanaokizunguka?

Mugumo ni wa jamii moja na mkuyu. Mara nyingi mbegu yake huachwa na ndege juu ya mti mwingine, ikachipua hukohuko, ikateremsha mizizi hadi ardhini, na baada ya miaka mingi ikauzingira mti ulioibeba mpaka ukafa. Gome likikwaruzwa hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Chini ya mti huo wazee wa Agikuyu walichinja kondoo dume, wakaelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, wakamwomba Ngai, Mungu wao, mvua. Maombi yalikwenda kwa Ngai. Mti ulikuwa mahali pa kukutania.

Mugo wa Kibiro, mwonaji aliyeishi kabla ya Wazungu kuingia, anakumbukwa kwa kutabiri wageni wenye ngozi ya chura mweupe na nyoka wa chuma atakayevuka nchi. Reli ilifika Thika 1913. Inasimuliwa pia kwamba alisema utawala wa wageni utakoma siku mugumo wa Thika, uliosimama katika bustani hiyo, utakapoanguka, na kwamba serikali ya kikoloni iliufunga mti huo pete ya chuma usipasuke. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, radi ikaupiga, ukaanguka.

Mwenye shaka atasema miti mizee hupigwa na radi kila mwaka, na ana haki. Lakini pete ile ina uzito zaidi kuliko radi. Anayefunga mti kwa chuma ili utabiri usitimie amekwisha kuusoma mti kama wanavyousoma waumini, na amekiri kwamba mamlaka yake yanategemea fikra za watu kama yanavyotegemea bunduki. Alichokosea ni kudhani kwamba nguvu ilikuwa kwenye mbao.

Mila yenyewe haikudhani hivyo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, anaeleza kwamba msitu ulipofyekwa, miti mikubwa michache iliachwa ili roho za miti iliyokatwa zipate makao. Ikilazimu kuiangusha, roho zilihamishiwa mti mwingine kwa sadaka. Kwa hiyo mti ungeweza kufa na utakatifu ukabaki, mradi kuna watu wa kuuhamisha.

Glastonbury, mji wa soko huko Uingereza, una kisa kinachofanana na hiki. Mti wake wa miiba, unaosemekana ulichipuka kutoka fimbo ya Yusufu wa Arimathaya, umeharibiwa zaidi ya mara moja, ikiwemo Desemba 2010, na watu wamepanda tena kutoka vipandikizi vya ukoo uleule.

Huku Kenya pia, swali la mugumo bado liko hai. Ruiru, jirani wa Thika, ni mji wa kahawa. Sasa mashamba mengi yamekatwa viwanja, na mugumo uliosalia kwenye ploti humlazimu mnunuzi kuamua kama ataukata au atauacha. Nairobi iliamua Novemba 2020. Mugumo mkubwa wa Waiyaki Way, Westlands, ulikuwa uondolewe kupisha barabara ya juu. Wananchi wakapaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri ulindwe kama urithi wa utamaduni na mazingira. Safari hii serikali haikuhitaji chuma, na mti ukabaki umesimama.