Mgeni Asiyepewa Jembe

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Labda, msomaji, umelidhani neno hili kuwa kebehi kwa mgeni mvivu. Mimi naona jembe hilo ni heshima. Anayepewa amekwisha kuwa mtu wa nyumba ile. Ana haki ya chakula chake na fungu katika uchovu wa wenyeji.

Fikiri sasa juu ya mgeni ambaye hapewi jembe kamwe. Mjini Nyeri, Eric Sherbrooke Walker na mkewe Bettie walianzisha hoteli ya Outspan katika miaka ya 1920, kwa mfano wa nyumba za mabwana wa mashamba wa Uingereza: bustani, moto chumbani, chai ya alasiri, na Mlima Kenya mbele ya macho. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alipapenda hata akajengewa hapo nyumba ndogo, Paxtu, akaishi humo tangu 1938 mpaka alipofariki Januari 1941. Zama hizo Mwafrika aliingia katika hoteli za walowezi kwa mlango wa jikoni. Leo mlango wa mbele u wazi kwa kila mwenye fedha, naye mara nyingi ni mwananchi. Haya ni maendeleo, wala sioni dhambi katika kulala pema.

Lakini tuseme umelipa, umelala. Ukungu wa Julai umeufunika mji, na chumba chako kina joto. Kabla hujaamka, kijana wa Skuta amekwisha pasua kuni, na mama wa makamo amekwisha fua mashuka. Baada ya chai unakwenda kukandwa mwili kwa mafuta. Huko pwani bibi harusi husingwa na somo yake, ambaye huyajua maisha yake na kuulizwa habari zake miaka mingi baadaye. Hapa mikono hukodiwa kwa saa, na mgeni aliyelala kifudifudi aweza kuondoka asijue sura ya aliyemkanda. Fedha imelipia kazi. Je, imelipia na mtu?

Mwingine atasema: mtumishi anataka mshahara, hataki tabasamu lako. Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Ujira wa haki hushinda maneno matamu, na mgeni ajipendekezaye ili aonekane mwema humwongezea mtumishi kazi ya kucheka. Hata hivyo, fedha haikuliondoa jembe duniani. Imelitia mkononi mwa mwingine, mahali ambapo mgeni haoni. Na asipoona kwa muda mrefu, huanza kuamini kwamba halipo. Mwulize asubuhi ni nani aliyewasha moto. Atakujibu, bila ubaya wowote moyoni, kwamba alipoingia aliukuta unawaka.