Ajuaye Thamani na Asiyeijua

Kijana mmoja aliyepata kusoma chuoni kwangu, ambaye sasa anafanya biashara Tunduma, mkoani Songwe, alinijia na sarafu moja ndani ya kitambaa, na habari ya nyingine aliyokwisha kuiuza.

Hiyo ya kitambaani aliinunua kwa bibi mmoja wa kijijini, upande wa Mbozi, kwa bei ya kilo mbili za sukari. Bibi aliona ni shaba kuukuu tu. Kijana alijua zaidi. Alijua ya kuwa mwaka 1916, njia ya bahari ilipokuwa imefungwa kwa vita na fedha haziji tena kutoka Ujerumani, Wajerumani walipiga sarafu zao Tabora: rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye sura ya tembo, na za shaba za heller 5 na 20. (Neno letu "hela" asili yake ni huko.) Zilipigwa kwa haraka na kwa zana haba, kwa hiyo hata za heller 20 hazifanani: taji la hii si taji la ile, baadhi ni za shaba nyekundu na baadhi za shaba ya manjano. Zote zina herufi T, ya Tabora. Wakusanyaji huzitafuta kwa hizo kasoro zake.

Nani basi atambue kasoro ya kweli? Sarafu iliyopigwa upande hukosa sehemu ya alama zake, na mahali palipokosa pigo hubaki patupu. Iliyopondwa nyundo baadaye, herufi zake huwapo ila zimelala. Rangi nayo ina ushahidi wake. Ukuukuu wa kweli huingia mpaka katika pembe za herufi. Ama wasemao rupia ina nguvu ya kuvuta mali, hao nawaacha na ushirikina wao.

Kijana akaniuliza: "Maalim, dhambi iko wapi, na bibi karidhika na bei?"

Swali lake si la kupuuzwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kupunjika peke yake hakuvunji biashara, na aliyenunua kigae cha kioo akidhani ni kito, hasara ni yake. Elimu ya mtu nayo ni mali yake, ameihangaikia. Nikamwuliza: "Ulimwambia nini?" Akanyamaza kidogo. Kumbe bibi alimwuliza, "Mjukuu wangu, kitu hiki kina faida?" Naye akajibu, "Si kitu sana, bibi."

Hapo, msomaji, jambo liligeuka. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwalaki wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni wakaijua bei, na aliyenunuliwa hivyo akampa hiari atakapofika. Bibi huyu soko lake hatalifikia kamwe. Aliyelifikia ni kijana, akalificha. Na hata kama asingesema lile neno, namkumbuka Jarir bin Abdillah (r.a.), ambaye mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300, Jarir akamwendea mwenye farasi, akampandishia bei mwenyewe mpaka 800, kwa kuwa alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu. Sheria haikumlazimisha.

Kijana alirudi Mbozi. Bibi alicheka, akachukua fedha, akamwambia aende na shaba yake.

Ile nyingine ndiyo nzito. Ilikuwa ya kawaida. Aliichoma moto, ikageuka rangi, akamwuzia msafiri kuwa ni adimu. Hiyo ni ghushi, haina mjadala. Msafiri alivuka mpaka kwenda Nakonde, na kijana hakumwuliza jina. Nilimwambia amtafute kwa madereva na wabadilishaji fedha. Asipompata, fedha zile azitoe sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea, bado anamdai. Mpaka naandika haya, hajapatikana.