Silaha ya Askari ni Mali ya Nani?

Mtu aliyevaa sare na kushika bunduki asimama njiani, katika barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Mwanamke aliyejitwika mchele, na kijana aliyepakia madumu ya mawese juu ya baiskeli, wamwona kwa mbali. Je, mioyo yao yatulia, au yaingiwa na hofu? Katika swali hilo dogo limo neno zima la polisi. Kwani mnyang'anyi naye ana bunduki, naye husimama njiani, naye hudai. Kama hakuna tofauti nyingine baina yao ila nguo, basi hakuna tofauti.

Kila mara serikali inapoweka polisi mpya katika jimbo, watu huuliza: Askari ni wangapi? Magari yako wapi? Komanda ni nani? Maswali hayo ni mema, lakini liko swali lililo la kwanza: Silaha ile, na uwezo ule wa kumkamata mtu, ni mali ya nani?

1. Majina mengi, mwenendo mmoja

Maniema ya kusini imewajua wenye silaha wa namna nyingi. Katika karne ya 19 Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip na wafanya biashara wenzake, na watu wao wenye bunduki waliishi kwa jasho la vijiji. Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yaliutwaa mji huo. Bwana alibadilika, lakini mwanakijiji aliendelea kumlisha mwenye bunduki. Hata askari wenyewe walionewa. Mwaka 1897 wale wa msafara wa Dhanis, wakiwa wamechoshwa na njaa, mwendo mkali na adhabu, waliasi; na mwaka 1898 waasi hao waliikamata Kabambare. Ugomvi wa askari na wakubwa wao haukuzaliwa Kabambare, lakini ulifika mlangoni pa watu wa Kabambare.

Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, haikupita wiki moja askari wa Force Publique wakaasi tena, baada ya Jenerali Janssens kuwaambia kwamba kwao hakuna kitakachobadilika. Majimbo madogo yaliyoanzishwa tangu 1962, Maniema likiwa mojawapo, yalikuwa na polisi yao wenyewe. Mwaka 1966 polisi ilifanywa kuwa ya taifa. Mwaka 1972 ikafutwa, kazi yake ikapewa jandarmeri. Mwaka 1997 ikaundwa Polisi ya Taifa ya Kongo. Na sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 ikaipanga upya, pamoja na uongozi wake katika kila jimbo.

Msomaji ahesabu mwenyewe: sare zimebadilika mara ngapi? Walakini sare haina dhamiri. Mwenye dhamiri ni mtu aliye ndani yake.

2. Uwezo ni amana

Hakuna mtu aliyezaliwa na haki ya kumfunga mwenzake. Jirani hana haki hiyo juu ya jirani, wala tajiri juu ya maskini. Lakini watu wakaapo pamoja, lazima awepo wa kumzuia mwovu, la sivyo kila mmoja atajilipizia kisasi, na mwenye ndugu wengi ndiye atakayeshinda. Kwa hiyo uwezo wa kukamata ni wa watu wote pamoja, kwa faida ya wote, na askari hupewa kuushika tu. Huo ni amana. Naye aliyewekewa amana hawezi kuiuza, kama vile mlinzi wa ghala hawezi kuuza mpunga wa wenyewe.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema mambo yayo hayo kwa lugha ya sheria. Kifungu cha 183 chafundisha kwamba polisi haifuati siasa, yalitumikia taifa, wala hapana ruhusa kwa mtu yeyote kuigeuza kwa makusudi yake. Kifungu cha 17 chakataza kumkamata mtu kwa kosa la mwingine. Yaani baba hafungwi kwa sababu mwanawe ametoroka. Kifungu cha 18 chaamuru kwamba mtu asizuiliwe na polisi kupita saa 48 bila kupelekwa mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Maneno haya yafaa yajulikane na kila mzazi, maana amana isiyojulikana na mwenyewe huibiwa upesi.

3. Je, njaa humpa askari ruhusa?

Pengine mtu atasema: “Askari halipwi, au hulipwa kidogo na kwa kuchelewa. Ana watoto. Afanye nini?” Neno hili lisidharauliwe. Mafundisho ya kale ya Kanisa yakubali kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa njaa hana dhambi ya wizi akitwaa chakula kinachomponya. Walakini yapo mambo mawili ya kupambanua. Kula ndizi ya mwenzako kwa sababu ya njaa ni jambo moja. Kumfungia mtu kasho asiye na kosa ili ndugu zake walete fedha ni jambo la pili. Wa kwanza ametwaa chakula. Wa pili ameuza haki, na haki si mali yake, hata awe na njaa namna gani.

Katika Injili ya Luka askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza iwapasavyo kutenda. Hakuwaamuru waache kazi yao. Aliwakataza kunyang'anya watu na kuwasingizia, akawataka waridhike na mshahara wao. Basi neno hilo lina pande mbili: kuridhika na mshahara kwadai kwamba mshahara uwepo. Kumnyima mtenda kazi ujira wake huhesabiwa na katekisimu miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Kwa hiyo mkubwa anayekula mshahara wa askari wake amewaibia watu wawili: askari, na yule mwanamke wa njiani atakayeulipa badala yake. Ampaye mtu bunduki bila kumpa chakula, huyo amejua tangu mwanzo chakula kitatoka wapi.

4. Nani apewe silaha?

Hapa pana fundo gumu kuliko yote. Katika teritwari ya Kabambare, upande wa Salamabila, karibu na dhahabu ya Namoya, vijana wengi waliingia katika makundi ya Mai-Mai, kama lile la Malaika. Wengine walidhani wanalinda ardhi ya baba zao. Wengine walifuata dhahabu. Wakirudi nyumbani, je, waingizwe katika polisi?

Wako wasemao: “Ndiyo, kwa ajili ya amani. Wajua njia zote za msitu, na wakiachwa bila kazi watarudi huko.” Wengine hujibu: “Hapana. Mjane aliyeporwa ng'ambo ya mto Luama aende kumshitakia nani, ikiwa aliyempora ndiye aandikaye mashitaka?”

Jibu hupatikana kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi: msamaha na madaraka. Msamaha wapasa kutolewa kwa kila atubuye. Naye apewe jembe, ufundi, na nafasi katika kijiji. Lakini madaraka si zawadi ya kutubu, wala si bei ya kununulia bunduki zilizo msituni. Baada ya mapatano ya mwaka 2003 wapiganaji wengi walichanganywa katika jeshi na vyeo vyao, na vijana wengine wakajifunza somo baya: ashikaye silaha hupata cheo kabla ya yule aliyeshika kalamu. Somo hilo lazaa vita vingine. Basi atakaye kuwa polisi aingie kwa mlango wa wote, achunguzwe mwenendo wake, afundishwe sheria. Na wale aliowadhulumu wapewe nafasi ya kusema.

Je, awe mwenyeji au mgeni? Mwenyeji, awe Mbangubangu, Mzimba au Mkusu, ajua lugha na watu, lakini jamaa zake watamsihi awapendelee. Mgeni hana jamaa wa kumpendelea, lakini hana pia wa kumwonea haya. Kila upande una hatari yake. Yafaa wachanganywe, na zaidi ya hayo, kila mmoja aweze kutambulikana na kuulizwa. Polisi ya London ilipoanzishwa mwaka 1829, kila askari alivaa nambari yake kwenye ukosi wa koti, ili aliyeonewa aweze kumtaja. Jambo dogo, lakini lina maana kubwa: asiyetajika hatawajibika.

5. Kosa la raia

Yasidhaniwe kwamba askari tu ndiye mwenye kosa. Yuko mfanya biashara ampaye polisi fedha ili mdeni wake alazwe kasho. Yuko mwenye shamba atakaye kushinda kesi ya mpaka kwa msaada wa bunduki. Wako wale wampigao mwizi mpaka afe, kisha husema kwamba polisi haifai kitu. Hao wote wamejifanya wenye amana peke yao. Yule alipaye kwa kulazimishwa kizuizini, asiye na njia nyingine, huyo ameporwa, hana hatia. Lakini alipaye ili mwenzake aonewe, amenunua kitu kisichouzwa, na kesho kitauzwa tena kwa yule anayemzidi fedha.

Basi polisi mpya haianzi siku ya gwaride, bendera ikipandishwa. Huanza siku askari wa kwanza amwachapo mtu asiye na kosa aende zake bila kumdai kitu, na siku mkubwa wa kwanza alipapo mshahara mzima kwa wakati wake.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Kwa nini baba hawezi kufungwa kwa kosa la mwanawe?
Je, aliyesamehewa ana haki ya kupewa madaraka? Toeni sababu.
Katika kijiji chenu, nani huwatumia askari kwa faida yake mwenyewe, na nani aweza kumwonya?